Kabla ya Kumpima Mtoto, Pimeni Kipimo

Kando ya Barabara ya Lower Kabete, pale Spring Valley, Jumamosi asubuhi, mvulana wa miaka kama saba anaunda gari. Mama yake anauza miche ya maua. Yeye amekalia gunia tupu, waya wa henga kuukuu mkononi. Ameukunja hadi ukawa bodi la gari. Anapima kwa jicho, anakaza fundo kwa meno, kisha anavisha magurudumu manne ya vifuniko vya chupa. Usukani ni kijiti kirefu kinachomfika kifuani. Akiukata kulia, magurudumu ya mbele nayo yanakata kulia. Hakuna aliyemchorea wala kumwelekeza.

Ng'ambo ya barabara kuna ukuta mrefu wenye nyaya za umeme juu. Nyuma ya ukuta kama huo, mtoto wa rika lake huenda saa hiyo ameshika kishikwambi, anaunganisha vipande vya picha kwa ncha ya kidole, na kila kipande kikikaa mahali pake kengele inalia.

Yupi ana akili zaidi? Ukileta waya, wa kwenye gunia atashinda. Ukileta kishikwambi, wa nyuma ya ukuta atashinda.

Mwaka 1979 mwanasaikolojia Robert Serpell, aliyefundisha kwa miaka mingi Chuo Kikuu cha Zambia, alichapisha utafiti uliouliza swali hilohilo. Aliwapa watoto wa Lusaka na wa Manchester, Uingereza, maumbo ya kunakili. Walipotumia penseli na karatasi, wa Manchester waliongoza. Walipotumia waya, wa Lusaka waliongoza. Walipopewa udongo wa kufinyanga, ambao wote walikuwa wameuchezea, walikwenda sare. Akili zilikuwa zilezile; kilichobadilika ni kile walichoshikishwa mkononi.

Jambo hilo linaonekana dogo, lakini lina wasomi waliolifanyia kazi maisha yao yote. Katika Kenya ya leo, mmoja wao ni Profesa Amina Abubakar, mtafiti wa makuzi ya ubongo na akili ya mtoto. Alianzia kazi Kilifi, mji wa pwani, na sasa kituo chake ni Chuo Kikuu cha Aga Khan, ambacho hospitali yake iko Parklands, mwendo mfupi kutoka Spring Valley siku ambayo Westlands haina msongamano. Hapo ameiongoza Taasisi ya Maendeleo ya Binadamu. Kupima uzito wa kazi yake kunahitaji kwanza kujua Nairobi ilivyowahi kupima akili za watu wake.

MIZANI YA MKOLONI

Katika miaka ya 1930 vilima hivi vya magharibi mwa jiji vilikuwa makazi ya Wazungu. Mwafrika alipita hapa akiwa mpishi, mtunza bustani au yaya, kipande kikining'inia shingoni. Wakati huohuo, madaktari wawili mjini Nairobi walikuwa wakijishughulisha na kilichomo ndani ya fuvu lake.

Mmoja alikuwa H. L. Gordon, aliyewatibu wagonjwa wa akili katika hospitali ya Mathari. Mwingine alikuwa F. W. Vint, mtaalamu wa patholojia wa serikali. Vint alipasua maiti za Waafrika, akapima uzito wa bongo zao na unene wa gamba la ubongo, akalinganisha na takwimu za Wazungu. Makala yake ilitoka mwaka 1934 katika jarida la anatomia la Uingereza, na hukumu yake ilikuwa kwamba ubongo wa mwenyeji wa Kenya haukukomaa kama wa Mzungu. Gordon aliishika hoja hiyo kwa mikono miwili, akaitumia kutilia shaka faida ya elimu ya Kizungu kwa Mwafrika. Mwaka 1933 walowezi na madaktari wenye fikra hizo walikuwa wameunda mjini Nairobi chama cha kuchunguza namna ya kuboresha mbari.

Mizani ya Vint ilikuwa ya kitaalamu, na hesabu zake zilikuwa na desimali. Ila mizani haikuuliza marehemu alikula nini utotoni, aliugua maradhi gani, wala alikufaje.

Baadaye akaja J. C. Carothers, aliyeisimamia Mathari tangu mwaka 1938 hadi 1950. Mwaka 1951 aliandika kwamba Mwafrika huitumia kidogo sehemu ya mbele ya ubongo, akamfananisha na Mzungu aliyekatwa mishipa ya sehemu hiyo kwa upasuaji. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika, na mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ikachapisha kijitabu chake kuhusu saikolojia ya Mau Mau. Watu waliodai ardhi yao wakaandikiwa cheti cha ugonjwa wa nafsi.

Kwa hiyo mtafiti wa Kenya anayeingia leo katika taaluma ya ubongo na akili anakuta deni nyumbani. Hawezi kuchukua rula ya mgeni na kuanza kupima kana kwamba rula hiyo haina historia.

SHIMO LA KUKALIA

Kosa la kipimo lina sura nyingi, na nyingine huja kama sifa. Mwaka 1957 Marcelle Geber, daktari Mfaransa, alieleza kwamba watoto wachanga aliowapima Kampala walikuwa mbele ya wa Ulaya: walikaza shingo mapema, wakakaa mapema. Ghafla yule aliyeitwa mzito wa akili akawa amezaliwa na haraka ya kipekee.

Jibu lilitoka Kokwet, kijiji cha Wakipsigis, ambako Charles Super na Sara Harkness waliishi na kufanya utafiti katika miaka ya 1970. Super alikaa akatazama mama anavyomlea mtoto. Aliona mama akichimba shimo dogo ardhini, akilizungushia nguo, akimkalisha mtoto humo ili mgongo uzoee. Aliona watu wa nyumbani wakimshika mtoto makwapani na kumrukisha hatua. Mwaka 1976 aliandika matokeo: watoto wa Kokwet walitangulia kukaa na kutembea kwa sababu walifunzwa mambo hayo. Katika yale ambayo hakuna aliyewafunza, kama kutambaa, hawakuwa na haraka yoyote.

Mama yeyote wa huku kwetu angemwambia hayo bila malipo. Lakini sayansi haikubali neno la mama mpaka lipitie kwenye jedwali, na ndipo kazi ya Kilifi ilipoanzia.

DEGEDEGE NA KIVULI CHAKE

Mwaka 1989 Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu Kenya, KEMRI, kwa ushirikiano na shirika la Wellcome la Uingereza, ilianzisha kituo cha utafiti Kilifi. Wodi za watoto zilikuwa zimejaa malaria. Miongoni mwa madaktari wa mwanzo alikuwa Charles Newton, aliyejikita katika ile ambayo watu huiita malaria iliyopanda kichwani. Mtoto huchemka, hushikwa na degedege, hupoteza fahamu. Kina mama wengi wa Kilifi waliyajua maradhi hayo kwa jina la nyuni, roho ya ndege inayompitia mtoto, na wengine walimpeleka kwa mganga kabla ya hospitali. Mwaka 1991 Newton na wenzake walieleza namna shinikizo ndani ya fuvu linavyopanda kwa watoto wa aina hiyo.

Dawa iliwaokoa wengi. Mtoto alifumbua macho, akaomba uji, akaruhusiwa kwenda nyumbani, na rekodi ya hospitali ikaandika kwamba amepona. Lakini amepona nini? Huenda anatembea vizuri na kusalimia wageni, huku akisahau anachotumwa dukani na kushindwa kufuata somo la darasa la pili. Hilo halionekani kwenye kipimo cha damu. Linahitaji kumpima mtoto anavyokumbuka, anavyozingatia, anavyosema na anavyopanga mambo. Vipimo vya namna hiyo vilikuwepo tele Marekani na Ulaya. Kwa mtoto wa Kigiriama, jamii ya Kilifi, havikuwepo.

Mwanasaikolojia Penny Holding na wasaidizi kutoka jamii ya Kilifi ndio waliobeba mzigo wa kwanza. Kwa miaka mingi walitengeneza seti ya majaribio ya akili kwa ajili ya watoto wa vijijini huko, na mwaka 2004 wakaeleza hadharani namna walivyoitengeneza. Ugumu ulikuwa mahali ambapo mgeni hakuutarajia. Mtoto ambaye nyumbani kwao hakuna kitabu cha picha hajazoea kusoma mchoro bapa kama kitu chenye ujazo. Aliyelelewa kunyamaza mbele ya mtu mzima asiyemjua hatamwaga maneno kwa sababu tu mtafiti amemwambia awe huru. Na swali ambalo muulizaji tayari ana jibu lake, kama kuonyeshwa kikombe na kuulizwa hiki ni nini, humfanya mtoto mwenye adabu ashuku kwamba anachezewa.

Faida ya subira hiyo ilionekana mwaka 2005. Julie Carter, Newton na wenzao waliwapima watoto wa Kilifi wenye umri wa miaka 6 hadi 9. Miongoni mwa waliowahi kuugua malaria ya ubongo, asilimia 24 walikuwa na walau kasoro moja kubwa ya akili, lugha au mwili. Kwa waliougua malaria yenye degedege kali, nako ilikuwa asilimia 24. Kwa watoto ambao hawakuwahi kupatwa na hali hizo, ilikuwa asilimia 10. Walioandikiwa kwamba wamepona walikuwa wamebaki na kivuli cha ugonjwa, na hatimaye kivuli hicho kilihesabiwa.

Hapa ndipo penye uzito wa hoja nzima. Watu wengi hudhani kipimo cha nyumbani ni cha kumpendelea mtoto wetu, kumpa alama za huruma. Sivyo. Kipimo kigeni kinapowaangusha watoto wote, mgonjwa na mzima huanguka pamoja, na yule aliyeumia kweli hupotea katikati ya umati. Kipimo sahihi humwondolea mzima lawama na kumtoa mgonjwa mafichoni.

KUTUNGA RULA UPYA

Amina Abubakar aliingia katika kazi hii Kilifi akiwa kijana, akaendelea na masomo ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Tilburg, Uholanzi. Huko alifanya kazi na Fons van de Vijver, bingwa wa saikolojia linganishi ya tamaduni aliyefariki mwaka 2019. Shule ya van de Vijver ilifundisha kwamba kipimo kinaweza kupinda katika ngazi tatu. Ngazi ya kwanza ni dhana: unachokiita akili huku huenda kisiwe wanachokiita akili kule. Ya pili ni njia: saa, karatasi, lugha, ugeni wa anayepima. Ya tatu ni swali lenyewe mojamoja. Chukua mfano rahisi: ukiuliza kama mtoto hupanda ngazi bila kushikwa, na kijiji kizima kina nyumba za chini, umehoji ramani ya nyumba ukadhani umehoji miguu ya mtoto.

Matunda ya mafunzo hayo na ya miaka ya Kilifi yalichapishwa mwaka 2008: kipimo kinachojulikana duniani kwa jina la Kilifi. Abubakar alikitengeneza pamoja na Holding, Newton, van de Vijver na Anneloes van Baar. Kinampima mtoto wa miezi 6 hadi 35 katika mambo mawili, mwendo wa mwili na uelewano wa jicho na mkono. Mtoto hutembea, huruka, husimama kwa mguu mmoja. Huokota kitu kidogo, hupanga vibao, hutunga shanga. Mpimaji hahitaji kuwa na shahada ya saikolojia. Mtu wa jamii ileile aliyefunzwa vizuri anaweza kuifanya kazi hiyo. Vifaa vyake ni rahisi, na mama hukaa pale pale kwenye mkeka.

Ukitazama kwa nje utasema wanacheza. Mtoto anachukua ushanga, anautazama, anaupeleka kinywani, anaangalia uso wa mama. Mpimaji anasubiri. Anatunga wake mmoja polepole, kimya. Mtoto anaurudisha wake chini, anashika uzi, anakosa tundu mara mbili, mara ya tatu unapita. Kalamu inaandika tarakimu moja. Tarakimu hiyo ndiyo data, na nyuma yake kuna miaka ya kuamua ni ushanga gani, uzi gani, maneno gani ya Kigiriama au Kiswahili, na mtoto asubiriwe mpaka lini.

Kwa kipimo hicho Abubakar na wenzake waliweza kusema jambo lenye manufaa kwa muuguzi wa zahanati. Mwaka 2010 walionyesha kwamba mtoto aliye katika hatari ya kuchelewa hutambulika kwa dalili ambazo kliniki yoyote inaziona: kudumaa, uzito mdogo, maradhi ya mara kwa mara, mama aliyesoma kidogo au aliyebeba mimba nyingi. Kabla ya hapo, mwaka 2008, alikuwa amekusanya tafiti zilizokwisha kufanywa Afrika kusini mwa Sahara kuhusu virusi vya UKIMWI na ukuaji wa ubongo wa mtoto, ili ionekane kipi kinajulikana na kipi hakijaguswa.

Ushawishi wa msomi hupimwa kwa mara ngapi ametajwa na wenzake, na Abubakar ametajwa sana. Lakini kuna ushawishi wa kina zaidi: wengine kushika rula yako wakapimie kwao. Watafiti wa lishe waliotaka kujua kama virutubisho vya mama na mtoto vinasaidia ukuaji walikichukua kipimo cha Kilifi wakakitumia Ghana na Malawi. Jina la mji mdogo wa pwani ya Kenya likaingia katika ripoti za nchi zilizo mbali kabisa na Wagiriama. Kwa miaka mingi vipimo vilisafiri kuja Afrika vikiwa na majina ya wataalamu wa Marekani. Hiki kilitoka Afrika kikaenda Afrika.

Mwaka 2017 Abubakar na van de Vijver walihariri kitabu kikubwa kuhusu sayansi ya makuzi ya binadamu katika Afrika kusini mwa Sahara. Pamoja na Newton, ameshiriki mradi wa NeuroDev wa Kenya na Afrika Kusini, unaotafuta vyanzo vya kijenetiki vya usonji na matatizo mengine ya ukuaji wa ubongo. Na Nairobi yenyewe inaanza kuwa na mkusanyiko wa wataalamu. Chuo cha Aga Khan kina taasisi ya ubongo na akili iliyoanzishwa chini ya uongozi wa Zul Merali, mwanasayansi wa ubongo aliyetokea Ottawa. Yupo pia Anthony Ngugi, ambaye mwaka 2013 aliongoza uandishi wa utafiti mkubwa wa kifafa uliohusisha Kilifi, Ifakara ya Tanzania, Iganga ya Uganda, Ghana na Afrika Kusini. Kitisuru, jirani kabisa na Spring Valley, ndiko makao makuu ya APHRC, kituo cha utafiti wa idadi ya watu na afya Afrika, ambacho kwa miaka mingi kimefuatilia maisha ya watu wa mitaa ya mabanda ya Korogocho na Viwandani, watoto wadogo wakiwemo.

NENO AKILI LINA MAANA GANI?

Bado ngazi ya kwanza ya van de Vijver inasumbua. Mwaka 2001 Robert Sternberg, Elena Grigorenko na wenzao, akiwemo Profesa Frederick Okatcha wa Chuo Kikuu cha Kenyatta, walichapisha utafiti wa watoto wa Usenge, karibu na Ziwa Victoria. Waliwapima ujuzi wa dawa za miti shamba: ipi ya tumbo, ipi ya homa, kiasi gani. Kisha wakawapima msamiati na masomo ya shule. Walioijua miti vizuri walielekea kufanya vibaya katika msamiati wa shuleni. Huenda familia ziliona mtoto hana muda wa njia mbili, zikachagua ile itakayomfaa.

Watafiti haohao walipowauliza Wajaluo maana ya akili, walipata maneno manne: rieko, luoro, winjo na paro. Ujuzi ulikuwa mmoja tu kati yake. Heshima, uelewa wa mambo ya maisha na moyo wa kuanzisha jambo navyo vilikuwemo. Waswahili nao hawakosi lao: akili nyingi huondoa maarifa. Mtu anaweza kujaa hesabu kichwani akakosa busara ya kuishi na jirani.

Kenya haina haki ya kuwacheka Vint na Carothers kisha ikaendelea na mizani yake. Tangu mwaka 1985 tulimpanga kila mtoto kwa alama za KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, mpaka mtihani huo ulipofanywa mara ya mwisho mwaka 2023. Yule wa waya na yule wa kishikwambi waliwekewa karatasi moja, siku moja, na tukaiita haki.

Hata sifa za kazi ya Kilifi zina mipaka. Sehemu kubwa ya fedha za utafiti wa ubongo huku bado hutoka ng'ambo, na mwenye fedha mara nyingi ndiye huchagua swali. Kipimo kilichotungwa Kilifi kinaweza kupinda kikifika Turkana au Mathare bila kuchunguzwa upya. Abubakar na wenzake wasingelikataa hilo. Ndilo somo lao la kwanza.

Basi neno kwa mzazi, wa Spring Valley na wa Kangemi. Siku ukipewa ripoti inayosema mwanao amechelewa, au kwamba ni hodari kupita kiasi, usitazame alama kwanza. Muulize aliyempima maswali matatu. Kipimo hiki kilitungiwa watoto wa wapi? Kimewahi kujaribiwa kwa watoto wa hapa? Mwanangu amepimwa kwa lugha anayoiota usiku? Mtaalamu wa kweli atafurahi kuulizwa. Na kama mwanao ameumia kweli, majibu hayo ndiyo yatakayomfikisha mapema kwenye msaada. Uliza kabla hujalipa.